Mama Mkwe wa Upande Wangu

Mama mkwe hakujua kufariji. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mama mzazi wa mume wangu ndiye aliyekuwa akikaa nami mahakamani, wakati mwanawe na mimi tunagombea watoto, hudhani alikuwa mama wa maneno matamu, wa kumshika mtu bega na kumwambia Mungu yupo. Hakuwa hivyo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi iliyo mbali, na akiona mtu analia alihangaika kama aliyekuta maziwa yanachemka na hakuna wa kuyaepua. Alitazama huku na huku akitafuta kazi. Ukilia jikoni kwake ulikuta amemenya viazi vingi kuliko walaji.

Jibu lake kwa mambo makubwa lilikuwa moja: "Hata mimi sijui."

Siku nilipopata wito wa mahakama nilimpigia simu, tukakutana nje ya kanisa lake la Sabato, maana nyumbani kwa mwanawe kule Buswelu sikuruhusiwa tena kukanyaga. Nilimwonyesha ile karatasi ingawa alikuwa hasomi bila miwani na miwani hakuwa nayo.

"Mama, wanaweza kuninyang'anya watoto?"

Akasugua vumbi kwenye kiatu cha mguu mmoja kwa mguu mwingine.

"Hata mimi sijui, Mama Majura."

Wengine wote walijua. Mchungaji wangu alijua kuwa ni jaribu na litapita. Wenzangu wa kiwandani, ambako tulisimama kutwa nzima kwenye meza za baridi tukikata minofu ya sangara, walijua kwamba mtoto ni wa mama, nisiwe na wasiwasi. Kaka yangu wa Magu alijua, kwa simu, kwamba ningevumilia haya yasingefika huku. Kila aliyejua aliniacha mpweke kuliko alivyonikuta. Kwa mama mkwe angalau tulikuwa wawili tusiojua.

Asije mtu akadhani tulianza hivyo. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu hakunitaka na hakujisumbua kuficha. Yeye ni Mjita wa pwani ya ziwa upande wa Mara, na mimi Msukuma. Alisema watu wa ng'ombe hawajui samaki. Alikuja Mwanza kutusalimia, akanikuta napika sangara, akafunua sufuria, akaifunika. "Huyu si samaki," alisema, "huyu ni mgeni." Kwake samaki walikuwa sato, ningu na furu, waliokuwamo ziwani kabla ya yeye kuwa na akili, na alikula kichwa kwanza, taratibu, akipanga mifupa ukingoni mwa sahani kama mtu anayeanika kitu cha thamani. Nami nilikula sangara wangu peke yangu, nikajua ni mimi anayeniita mgeni.

Kilichobadilika sikijui vizuri. Mimba yangu ya kwanza iliharibika nikiwa peke yangu naye nyumbani. Alinipeleka zahanati, akanirudisha, akafua nguo zote, na mashuka, na pazia lisilokuwa na doa lolote, akalifua nalo. Nilimwona kupitia dirishani akilikamua pazia lile kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Jioni aliniletea ndizi za kupika na sato mzima, kichwa kikiwa upande wangu. Akakaa chini akanitazama.

"Kura," alisema.

Hakuweza kusema *kula*. Ulimi wake ulikataa. Baadaye mwanangu wa kwanza, Majura, alipokuwa na akili za kucheka, kila mara bibi akisema "njooni mkure" alinyanyua mkono akauliza, "Bibi, tumpigie nani kura?" Na yule mama, ambaye mwanawe hakuthubutu kumtania hata akiwa na ndevu, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Majura alikuwa mboni yake. Neema, binti yangu mdogo, bibi alimpenda pia, lakini Majura alikuwa amebeba jina la marehemu mumewe, na alimwita "mzee wangu" tangu akiwa kwenye nepi.

Alipokuja kuishi nasi moja kwa moja, ndoa yetu ilikuwa imeanza kuoza. Mume wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na alikuwa na mwanamke mwingine, na alikuwa na hasira ya mtu anayejua kuwa anajulikana. Mama mkwe aliyaona yote. Aliniambia nivumilie, nisidanganye kwamba hakuniambia. Alisema hivyo huku akimwekea mwanawe nyama nono na mimi shingo, na kesho yake akasimama uani akamtukana mwanawe kwa Kijita mbele ya wateja, maneno ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Alikuwa hivyo. Ulimkuta kila siku upande tofauti, na kila upande aliusimamia kwa moyo wote.

Sasa niseme jambo la dirisha, kwa sababu kesi yote ilikuja kuning'inia pale.

Jioni moja nilirudi kutoka kiwandani nikakuta kitasa cha mlango kimebadilishwa. Mume wangu alikuwa ameondoka na funguo, amewafungia ndani mama yake na watoto. Nilizunguka nyumba. Mama mkwe alikuwa amesimama dirishani nyuma ya nondo, Neema amemshika gauni, Majura amesimama nyuma kabisa karibu na friji.

"Amesema usiingie," alisema. "Amesema uende kwenu."

"Mama, kwetu wapi?"

Alinipitishia kanga. Akanipitishia viatu, kimoja kimoja, na kitambulisho changu. Halafu akakumbuka kwamba sijala. Alileta sahani ya ugali, ikagonga nondo, haikupita. Akaigeuza ubavu, mchuzi ukamwagika, haikupita. Basi akaanza kumega ugali kwa mkono wake, tonge moja moja, akipitisha mkono katikati ya nondo, nami nikipokea na kula nimesimama, nikilia, kwa kuwa sikuweza kukataa mkono ule. Neema akataka naye kunilisha. Akanilisha. Majura hakusogea. Jirani mmoja alipita akajifanya haoni.

Mume wangu alipofungua shauri la talaka alidai kwamba niliiacha nyumba na watoto kwa hiari yangu, nikaenda kupanga chumba Kiseke nipate uhuru. Baraza la kata lilishindwa kutupatanisha, tukaenda mahakama ya mwanzo. Jirani yule, nilipomfuata, alisema hakumbuki. Aliyeona kwa macho yake na angeweza kusema ni mmoja tu.

Siku ya kwanza ya kesi alikuja na mwanawe kwenye gari. Niliwaona wanaegesha. Alishuka, akanyoosha kitenge chake, akampita mwanawe, akawapita mashemeji zangu waliokuwa wamejaa kwenye benchi la kulia kwenye baraza ya nje ya mahakama, akaja kukaa kwangu. Nilikuwa peke yangu. Alifungua kitambaa, ndani mkiwa na viazi vitamu, akanipa kimoja, akainuka tena, akampelekea mwanawe kimoja, akarudi. Mashemeji walitazamana. Mwanawe alikishika kile kiazi hajui akiweke wapi, na mwishowe akakila.

Nilimtazama mume wangu, nikaona shati lake jeupe limenyooka mikunjo ya mikono kama wembe. Naijua pasi ile. Hakuna mwanamke mwingine anayepiga pasi vile.

"Mama," nikamwambia, "ni wewe uliyempigia pasi hilo shati?"

"Ni mimi."

"Leo? La kuja kunishtakia?"

"Ungetaka aje na makunyanzi?" akauliza, na naapa alishangaa kweli. "Ni mwanangu yure."

Kesi iliahirishwa. Iliahirishwa tena na tena: hakimu ana semina, mzee wa baraza amefiwa, jalada halijaonekana, jalada limeonekana. Mwenye kesi hujifunza kutumaini hadi saa nne na kukata tamaa saa tano, halafu anaomba ruhusa nyingine kazini. Kila mara mama mkwe alikuja. Aliketi, akavua viatu, akalala usingizi wa kukaa, mdomo wazi kidogo. Jina langu likiitwa aliamka kabla yangu. Ndani ya chumba cha mahakama nilipotakiwa kueleza mambo ya chumbani mbele ya watu nisiowajua, nilisikia nyuma yangu akikohoa, kikohozi kikavu kisicho cha ugonjwa. Sijui kama alikusudia kitu. Nilishika kikohozi kile kama mtu anayeshika ukuta gizani.

Nilimwomba awe shahidi wangu. Nilimwomba tukiwa tumesimama chini ya paa la duka la jirani na mahakama, mvua inanyesha.

"Sitaki umseme vibaya," nilimwambia. "Sema tu la dirisha. Kwamba alinifungia."

"Nitasema."

"Kweli, Mama?"

"Nimesema nitasema. Niriona."

Nililala vizuri siku zile. Nilianza hata kununua vitu vya chumba changu kana kwamba watoto wanakuja: godoro dogo, vikombe viwili vya plastiki. Afisa ustawi wa jamii alikuja kunikagua, akavitazama vikombe, akaandika.

Siku ya ushahidi alivaa gauni lake la Sabato. Aliingia kizimbani, akaapa, akashika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyempa muda.

"Shikamoo, mama. Huyu mdai ni nani kwako?"

"Marahaba. Mwanangu."

"Na mdaiwa?"

"Mwanangu."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka. "Mama, tueleze ulichokiona jioni ambayo mdaiwa aliondoka nyumbani."

Mama mkwe alinitazama. Kisha alimtazama mwanawe, na mwanawe, mtu mzima mwenye duka na gari, aliinamisha kichwa akaanza kuchezea kifungo cha mkono wa shati. Nilimwona mama yake anakitazama kifungo kile. Karani aliacha kuandika.

"Nimezaa saba, mheshimiwa," alisema hatimaye. "Wamebaki wawiri. Huyu nirimbeba mgongoni kutoka kijijini hadi hospitari, nikidhani nimebeba maiti. Usiniurize arifanya nini."

"Mama, lazima nikuulize. Mdaiwa alifungiwa nje, au aliondoka?"

"Arikuwa nje. Mimi nirikuwa ndani."

"Nani alifunga?"

Akafungua mdomo. Alifungua tena, na ile sauti iliyozoea kuvuka maji haikuvuka hata ubao wa kizimba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole vitano pamoja, kama aliyeshika tonge. Nilimwona nikiwa peke yangu ninayejua maana yake, na haikuwa kitu ambacho karani angeweza kuandika.

"Mama, huu si ushahidi," hakimu alisema taratibu.

"Najua, mwanangu," alijibu. "Najua."

Aliposhuka alirudi kukaa pembeni yangu. Nikasogea. Akasogea. Nikainuka nikakaa nyuma.

Tarehe zilizofuata sikumsalimia. Kwa mkwe kutomwamkia mama mkwe ni tusi kubwa, na watu wa benchi la kulia walilifurahia. Yeye aliendelea kuja. Alikaa kwenye benchi langu, mwisho mwingine, viazi vyake kwenye kitambaa. Changu alikiweka katikati yetu kwenye ubao, kikapoa, kesi ikiahirishwa alikichukua akakirudisha kwenye kitambaa. Hakuniomba radhi. Nadhani hakuona la kuombea radhi, wala hakuona kwamba amefanya sawa. Alishindwa, basi, akaja kukaa na yule ambaye alishindwa kumtetea.

Kisha ikaja siku ya Majura. Neema alikuwa mdogo mno, lakini Majura alikuwa ameshafikisha umri ambao mahakama humsikiliza mtoto, na hakimu alimwita ofisini kwake, mlango ukafungwa. Sisi tulibaki nje. Nilimwona akiingia na kaptura ya shule, soksi moja imeshuka, nikataka kwenda kumpandisha.

Hakukaa sana. Alitoka na macho chini, akasimama katikati ya ile baraza, upande huu benchi letu, upande ule la baba yake. Nilinyoosha mkono kidogo tu, kutoka gotini. Akageuka akaenda kusimama kwa baba yake.

Nilimgeukia mama mkwe, neno la kwanza kwa muda mrefu.

"Mama. Amesema nini huko ndani?"

Alikuwa amejifunika kanga usoni. Chini ya kanga alisema, "Hata mimi sijui."

Ni mara pekee niliyojua kwamba anadanganya. Aliishi nyumba moja na Majura. Alijua alichoahidiwa na baba yake, alijua nani alimfundisha, au pengine alijua kwamba hakufundishwa na mtu, kwamba mtoto alimwona mama yake akilishwa dirishani na akachagua kuwa ndani. Sijawahi kumwuliza Majura. Mama mkwe alisogea akaniegemea, bega lake lote la mifupa, mzito kuliko nilivyodhani, akalia, mtu asiyejua kufariji wala kulia. Alilia kwa kishindo kama anayetapika. Ikabidi mimi ndiye nimshike.

Hukumu ilivunja ndoa. Neema kwangu, Majura kwa baba yake, kila mzazi amwone mtoto aliye kwa mwenzake mwisho wa wiki na likizo. Hakimu alitueleza haki ya kukata rufaa. Nikate rufaa dhidi ya nani? Mtoto alisema mwenyewe.

Mama mkwe alibaki Buswelu. "Nitamtazama mzee wangu," alisema, "na wewe mtazame Neema." Mwisho wa wiki Majura hakuja, kulikuwa na masomo ya ziada, kulikuwa na mpira, kulikuwa na homa. Lakini kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato yake kuingia, mama mkwe alinipigia. Alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshaoga. Alisema, "Huyu hapa," nikasikia simu inahama mkono.

"Majura? Baba?"

Pumzi tu. Kuku kwa mbali.

"Sema naye," alisema mama mkwe kutoka pembeni, "anasikia."

Nami nilisema. Nilieleza ya kiwandani, nilieleza jino la Neema, nilieleza mvua iliyopita Kiseke. Nilizungumza na pumzi za mwanangu. Ilikuwa hivyo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Sikumwambia mama mkwe asante, naye hakuniambia kwamba mtoto atabadilika.

Mara ya mwisho nilimwona hospitali. Alipatwa na kiharusi akiwa anaanika nguo, na habari nilipewa na mama mmoja wa kanisani kwake, siyo na familia. Nilitoka kazini na harufu ya samaki mikononi. Mlangoni mwa wodi ya wanawake muuguzi alinizuia; ndani walishaingia wawili, na zaidi ya hao huruhusiwa ndugu wa karibu tu.

"Wewe ni nani wake?"

Mume anaweza kuwa wa zamani, hata nyumba, hata kazi. Mkwe wa zamani sijawahi kumsikia. Kusema ni mama yangu ilikuwa uongo, kusema ni bibi wa watoto wangu ilikuwa kweli ndogo mno.

"Dada, nakuuliza. Ni nani wake?"

Majura alitoka na chupa ya chai. Alikuwa amenizidi urefu, sikujua. Alisimama, akamtazama muuguzi, siyo mimi.

"Ni mama yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshavunjika, nene. Sikuwa nimeisikia. Akapita akaenda kutafuta chai.

Baba yake alikuwa amekaa kando ya kitanda kwenye stuli. Aliponiona alisimama.

"Umekuja."

"Nimekuja."

Akaniachia stuli, akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Uso wa mama mkwe ulikuwa umevutwa upande mmoja. Macho yake yalinijua, au yalimjua mtu. Alijaribu kusema, ikatoka sauti isiyo na kona, na akaona kwamba sijaelewa, akajaribu tena, akaudhika, akaacha. Nilichovya kitambaa nikamlowesha midomo. Nikamweleza kwamba Neema ameingia darasa jipya. Nikamweleza kwamba Majura amekua. Alijua hayo kuliko mimi. Sikuwa na kingine. Basi nikakaa, na mkono wake uliobaki mzima ukapapasa shuka, ukapata kiganja changu, ukashika.

Kengele ililia. Muuguzi alipita kitanda hadi kitanda akisema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mume wangu wa zamani alitoka. Watu wa vitanda vingine walitoka. Nilisema, "Mama, naenda, nitarudi," na nikavuta mkono.

Hakuachia. Nguvu zote alizokuwa nazo zilikuwa pale. Nilimwambia tena, taratibu, akanitazama tu. Muuguzi alikuja akasimama kando ya kitanda.

Ikabidi nimfungue vidole, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Nikifungua cha tatu, cha kwanza kilikuwa kimeshafunga tena.